Kona ya Mizinga

Watu wa mtaa wetu hapa Tabora wana uvumilivu mkubwa kwa mwanaume anayekaa barazani kucheza bao tangu adhuhuri mpaka giza linaingia. Mwanamke wa makamo akijifungia chumbani kuunda treni ndogo, hapo ndipo wanapoanza kuuliza kama yuko sawa. Nimeulizwa na jirani, nimeulizwa na mteja aliyefuata fremu ya picha ya harusi yake, nimeulizwa hata na msoma mita ya maji. Siku hizi sijibu. Nawaambia tu wasiegemee meza.

Kazi yangu ni kutengeneza fremu za picha, kwa hiyo vipande vyembamba vya mninga ninavyo tele na misumeno midogo ninayo. Mezani nilikuwa nikijenga reli ya magogo, ile nyembamba iliyokuwa ikitoka porini upande wa Urambo mpaka kwenye reli kubwa. Reli nilizifanya kwa spoki za baiskeli, mataruma ya kuzilalia kwa mabaki ya mninga, na miti ya miombo kwa vijiti nilivyovibandika unga wa mbao uliolowekwa kwenye chai. Kichwa cha treni nilikichonga mwenyewe, nikakitia mota na betri za gari la kuchezea. Nyuma yake yanafuata mabehewa bapa yaliyobeba magogo ya ukubwa wa kidole.

Huko porini leo hakuna kitu. Reli iling'olewa ikauzwa chuma chakavu, miti ikachomwa kukaushia tumbaku, na vijana wa huko ukiwauliza wanakwambia hapakuwahi kupita treni. Wanakwambia kwa uhakika kabisa, wakiwa wamesimama juu ya tuta lake. Jambo hili linanikera kuliko ninavyoweza kueleza. Baba yangu alikuwa mnyapara wa genge lililotandika reli ile, na makovu ya kazi hiyo tulimzika nayo.

Reli ilipangwa inyooke. Njiani palikuwa na mti mkubwa uliotundikwa mizinga ya nyuki, ile ya magome, na kwetu Unyamwezini mti wenye mzinga wa mtu haukatwi, hata uwe katikati ya pori lisilo na mwenyewe. Mkubwa wa kazi akasema mti umeziba njia, ukatwe. Baba na wenzake hawakubishana naye. Alipokwenda mjini waliikunja reli wakauzunguka mti, na aliporudi akakuta mataruma yameshafukiwa kokoto. Alifoka mpaka akachoka, akaiacha. Tangu hapo treni ikifika pale ililazimika kutambaa, na kwa kuwa ilitambaa, binti wa mwenye mizinga akaanza kusimama kwenye kona akiuza asali. Baba alikuwa akipita na treni kukagua reli. Alinunua asali nyingi kuliko mtu mmoja anavyoweza kula. Binti yule ndiye mama yangu.

Mama anaishi kijijini na macho yake yameisha kabisa. Nilipomwambia kwenye simu ninachojenga, alisema, "Nitakuja niishike." Kwa hiyo kona ile niliijenga kwa ajili ya vidole. Mizinga niliitengeneza kwa vijiti vya mdalasini kutoka duka la viungo sokoni, kwa sababu mdalasini nao ni gome lililojikunja. Niliifunga mtini kwa uzi, nikaivuta kuona kama itashika, ikashika.

Mdogo wangu wa kiume alitangulia kufika, kutoka Dar, yuko likizo. Alinipa shikamoo huku simu imeshaelekezwa kwenye treni.

"Dada, hapa kwenye kona inayumba," akasema. "Kwenye video haitapendeza."

"Ndivyo ilivyokuwa. Treni ya magogo haikimbii. Usiguse."

"Poa, dada."

Habari za kona ile anazijua, alilishwa pamoja na uji. Ndiyo maana kesho yake nilikwenda stendi kumpokea mama bila wasiwasi wowote.

Tuliporudi, mama hakutaka kukaa. Alitaka apelekwe mezani kwanza. Mdogo wangu alikuwa amesimama pembeni, uso umemjaa tabasamu, birika la chai limeshaandaliwa. Nikatazama meza, nikaona mti haupo. Sikuwahi kumzuia mama. Alikuwa ameshaweka vidole juu ya reli pale porini inapoanzia, na vidole vikateleza moja kwa moja, haraka, mpaka stesheni ya reli kubwa.

"Mbona nimeshafika?" akauliza.

Akarudisha mkono mwanzo, akajaribu tena polepole. Akafika tena.

"Nimeinyoosha, mama," mdogo wangu akasema. "Sasa inakwenda kama treni ya umeme."

"Na mti?"

"Ulikuwa umeziba njia."

Mkubwa yule wa kazi hakuwa mtoto wa nyumba yetu, alikuwa na haki ya kutojua. Huyu amezaliwa kwa sababu ya kona ile, ana pua ya babu mwenye mizinga, na bado alichukua koleo langu akainyoosha ili watu asiowajua waitazame kwa muda wa kupiga mwayo.

Mama hakupandisha sauti. "Basi baba yenu kapita," akasema. "Mimi nimesimama pale na asali yangu, na yeye kapita tu. Ningemwonea wapi?"

Mdogo wangu alitaka kucheka, akaacha. Akammiminia mama chai, pengine apate la kufanya. Mama akainusa.

"Mdalasini huu umeutoa wapi?"

Nilifunua birika mwenyewe. Mizinga yangu ilikuwa humo ndani, imevimba, uzi bado umeizunguka. Ameng'oa mizinga ya babu yake akaipikia chai ya kumkaribisha mama. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa, kwa kuwa mama alikuwepo na aliyasikia yote, na hakunikataza.

Mama akasukuma kikombe pembeni. "Itoe uianike," akamwambia. "Kisha chukua koleo."

Mizinga ikaanikwa dirishani. Mama akavuta kiti, akapapasa meza mpaka akapata mahali palipobaki gundi ya mti, akaweka kidole hapo na hakukiondoa. Mdogo wangu akaanza kukunja spoki kukizunguka kidole kile, jasho linamtoka. Mimi sikumsaidia. Alipodhani amemaliza, mama alipitisha vidole vya mkono wa pili juu ya reli, akatikisa kichwa.

"Baba yenu bado anapita," akasema. "Kunja tena."