Pembe ya Tatu

Maneno yale niliyasikia nikiwa Same, kwenye mgahawa wa chai karibu na stendi, nikisubiri gari la kupanda Suji, kijijini kwetu. Jamaa wa Dar es Salaam anayetaka kuitoa upya albamu yangu ya kwanza alikuwa amenitumia wimbo wa kwanza baada ya kuusafisha.

"Sikia hiyo pembe," aliandika. "Halafu zile sauti za Kipare katikati. Dhahabu. Asili tupu."

Asili. Neno hilo hunipandisha presha. Albamu ile niliirekodi nikiwa kidato cha tatu, kwenye stoo ya maharage nyumbani, kwa simu iliyopasuka kioo na gitaa la kwaya lililokatika waya mmoja. Ukutani nilitundika magunia na blanketi ili sauti isirudi. Nilichoma CD pale Same nikawagawia wanafunzi wenzangu, na wengi hawakuzisikiliza. Hiyo si asili. Hiyo ni shida.

Pembe, hata hivyo, ilikuwa ya kweli. Kwetu maji ya mfereji hukusanywa usiku kwenye ndiva, bwawa letu la udongo, kisha mchana yanagawiwa mashambani kwa zamu. Ndiva ikibomoka, pembe hupigwa alfajiri na kila nyumba hutoa mtu na jembe. Kazi hiyo ya pamoja tunaiita msaragambo. Nyumba isiyotoa mtu inarukwa kwenye zamu ya maji. Mpiga pembe alikuwa baba yangu.

Siku ile niliamka mapema kurekodi kabla nyumba haijachangamka. Simu ilikuwa dirishani, upande wa nyumba ya mdogo wake baba. Pembe ikalia mara mbili, ukafuata mnong'ono wa watu, kisha ikalia mara ya tatu, ndefu kuliko zote. Nikaiacha yote mwanzoni mwa wimbo. Ile ya tatu bado naipenda kuliko chochote nilichowahi kukipiga mwenyewe.

Asubuhi hiyohiyo ukuta wa ndiva uliporomoka na kumfunika mdogo wake baba, akafa. Kwenye mazishi ilisemwa kwamba pembe ilipolia, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuitika. Mchungaji alihubiri juu ya hilo. Mimi niliamini nusu, kama ninavyoamini mengi yanayosemwa makaburini. Niliimaliza albamu nikaiacha pembe palepale, nikajiambia ni kumbukumbu. Baba hakuipiga tena. Siku hizi msaragambo unatangazwa kwenye kundi la simu, nusu ya watu wanajibu kwa dole gumba na hawatokei.

Sasa, baada ya kelele za upepo kuondolewa, ule mnong'ono ulikuwa maneno. Baba mdogo alikuwa anasema homa haijamwachia, hana nguvu, aombewe ruhusa. Mama mdogo, mkewe, akajibu, "Ruhusa ya nini? Tukirukwa tena, maharage nitayamwagilia mate? Amka!" Pembe ya tatu. Mlango.

Nilirudia mpaka chai ikapoa. Jamaa wa Dar hajui Kipare, lakini Wapare wako Dar tele, na kijijini kila mtu ana simu. Wimbo ukitoka ulivyo, mama mdogo atakuwa mwanamke aliyemtoa mume mgonjwa kitandani akafe. Kwa upande mwingine alikuwepo baba, ambaye niliamini anajilaumu kwa kumwita mdogo wake kwenye kifo. Mfukoni nilikuwa na kitu cha kumtua mzigo huo na kumtwisha mjane. Na jamaa alitaka jibu kabla wiki haijaisha.

Baba nilimkuta anapunguzia migomba majani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekonda. Huko Dar mnakula nyimbo?"

Nilimweleza habari za albamu kabla hata sijatua begi. Nilipotaja pembe, kisu kikasimama.

"Haitoki."

"Kwa nini?"

"Nimesema haitoki."

"Baba, nipe sababu."

"Nilikusomesha ili uje kuniuliza sababu?"

"Ndiyo. Hasa kwa hilo."

Siku nyingine angecheka. Akanipa mgongo, akaendelea kukata.

Kidole changu kilikuwa tayari kwenye kioo cha simu. Ningebonyeza tu, asikie, yaishe. Lakini ukweli ule ulikuwa wa nani? Chuoni tungelijadili swali hilo muhula mzima na kulipatia alama. Hapa, chini kidogo ya dirisha la stoo, mwenye sauti alikuwa ameinama uani kwake, anapepeta maharage. Aliniona, akapunga mkono.

Nikashuka kwake.

"Mwimbaji! Mume yuko wapi?"

"Bado, mama."

"Bado, bado. Gitaa halinyonyeshi, mwanangu."

Alicheka peke yake. Nilimwambia kwamba simu yangu ilinasa sauti zao asubuhi ile. Mwanzoni hakunielewa. Alipoelewa, aliweka ungo chini.

"Weka."

Pembe ikalia. Baba mdogo alipoanza kusema, aliinamia simu kama mtu anayesemeshwa kwa sauti ya chini. Kisha ikaja sauti yake mwenyewe, kali, ya mwanamke aliyekuwa na umri wangu wa sasa.

"Zima."

Nikazima.

"Nani amesikia?"

"Mimi. Na mtu wa Dar, lakini haelewi Kipare."

"Shemeji?"

"Bado."

Alitazama juu, kwenye migomba yetu. "Alikuwa anatetemeka," alisema. "Nilimpa koti." Halafu akanigeukia kwa ukali, kama vile mimi ndiye niliyebisha. "Tulishakuwa tumerukwa! Unajua watoto walikuwa wanakula nini?"

"Sijui, mama."

"Basi, hujui."

Nilitaka kumwambia nitayafuta, hakuna atakayesikia. Hakunipa nafasi. Alijifunga kanga kiunoni, akanipokonya simu.

"Twende."

"Mama mdogo, si lazima."

"Unaniletea mpaka uani kwangu, halafu si lazima?"

Alipanda haraka, mimi nyuma yake, nikijilaani. Nilikuwa nimekuja kuomba wimbo na sasa nilikuwa nagonganisha watu wawili waliobaki katika ukoo wetu bila ugomvi.

Baba alituona, akaiona simu, akaweka kisu chini.

"Shemeji," mama mdogo alisema, "kuna kitu inabidi usikie."

"Nilishakisikia."

"Hapana, baba," niliingilia, "hii hujawahi."

"Nilikuwa nimesimama pale." Alionyesha jiwe lililo mlimani, juu ya nyumba. "Alfajiri sauti zinapanda. Nilimsikia na homa yake. Na wewe nilikusikia."

Mama mdogo alimsogelea. "Ukanyamaza?"

"Ningesema nini?"

"Chochote! Kanisani unanikwepa macho, mimi nasema huyu mzee anajilaumu bure, na mimi ndiye..."

"Sijilaumu bure." Baba aliifuta mikono kwenye suruali, akaendelea kuifuta hata baada ya kuwa mikavu. "Nilimsikia anasema anaumwa. Nikadhani ni uvivu wake. Nikapiga tena. Ile ya mwisho sikupigia kijiji. Nilimpigia yeye."

Miaka yote hiyo nimeisikiliza pembe ya tatu kama muziki.

Mama mdogo alikaa chini, palepale kwenye majani ya migomba yaliyokatwa. Kisha akaninyooshea simu.

"Irudie."

Tulisikiliza wote watatu. Ilipofika ya tatu, baba alitazama miguu yake.

"Kweli," mama mdogo alisema. "Hiyo ni ya kumwamsha mvivu."

Baba alitoa sauti fulani puani. Nisingeiita kicheko, lakini sina jina lingine.

Nikauliza kuhusu wimbo, kwa sababu nisingeweza kutouliza.

"Mimi sitaki watu wa Dar wanisikie nikigombana na mume wangu," mama mdogo alijibu.

"Na pembe?"

"Muulize mwenyewe."

Baba aliokota kisu. "Mbili za kwanza chukua. Ya tatu niachie."

Niliukata wimbo kesho yake, stooni, kati ya magunia yaleyale. Pembe mbili nikaziacha. Maneno na pembe ya tatu nikayatoa, lakini nafasi yake sikuiziba. Ni kimya kitupu, kirefu kama yalivyokuwa mazungumzo, halafu gitaa linaingia.

Jamaa wa Dar alipiga simu mara alipopokea.

"Faili limeharibika? Mwanzoni kuna kimya."

"Halijaharibika."

"Basi tukikate. Watu wataruka wimbo."

"Kisikatwe."

"Dada, hapo pana nini?"

Kupitia dirishani niliwaona baba na mama mdogo wameinamia ungo mmoja, wanachagua maharage, hawasemeshani. Nilimwambia akiache kimya kilivyo au asiutoe wimbo kabisa. Amekubali kwa shingo upande. Kama wasikilizaji watasubiri mpaka gitaa liingie, hilo silijui, na mimi mwenyewe nikiusikiliza huwa natega sikio kila mara nikingojea ya tatu.