Moto Uliotoka Nyumbani Kwetu

Nilikuwa na miaka tisa, mtoto wa kijiji cha Bihambwe, nilipojifunza kwamba moto nao una mlango wake wa kutokea. Koko wangu, mama yake baba, ndiye aliyenifundisha. Alikuwa Mkristo kuliko sisi sote: rozari shingoni, na kila Jumatano alikuwa wa kwanza kufika pale shirika letu dogo la kijijini lilipokutana kusali. Lakini kuhusu moto hakuna padri aliyeweza kumbadilisha. Nyumba yenye mtoto mchanga haitoi moto mpaka kitovu chake kidondoke. Ukitoka, unaondoka na mtoto.

Msimu ule wa mvua Mama alijifungua mtoto wa kiume. Siku mbili baadaye risasi zikaanza kulia pande zote mbili za kilima, na barabara ikafungwa. Baba alikuwa ameenda Masisi na gunia la maharagwe, akakwama huko. Tukabaki watu wanne ndani ya chumba kimoja: Koko, Mama, mimi, na yule mdogo ambaye hata jina hakuwa nalo. Mlango ulifungwa mchana kutwa. Nilihesabu miti ya paa mpaka nikaichukia.

Jirani yetu aliitwa Mama Nyota. Wao walikuwa wafugaji, sisi wakulima. Wao walituletea maziwa, sisi tukawapa maharagwe, na sote tulikuwa shirika moja. Mume wake alikuwa amewaswaga ng'ombe mbali na vita, na Mama Nyota mwenyewe akajificha siku mbili kwenye migomba na binti yake mdogo mgongoni, huku mvua ikiwanyeshea. Aliporudi, jiko lake lilikuwa limejaa maji, na kiberiti hakikuwepo kijiji kizima. Moto uliokuwa hai ni wetu tu, kwa sababu Koko aliufunika kwa majivu kila jioni.

Adhuhuri tulimsikia nyuma ya nyumba. Alikuwa ameshika kigae cha chungu kilichovunjika, kama tulivyozoea kuombana moto.

"Koko, munisaidie kaa moja tu. Mutoto anatetemeka, hata kunyonya anakataa. Nataka nimupashie maji."

Koko alisimama mlangoni akaujaza wote. "Mama Nyota, unajua. Kitovu ya mutoto haiyaanguka."

"Basi nimulete hapa kwenu, aote."

"Mutoto mugonjwa haingie penye iko mutoto muchanga. Rudia kwako. Tutamuombea."

Na kweli alimwombea. Hapo ndipo ninaposhindwa kumchukia Koko wangu. Alipiga magoti palepale, akasali rozari nzima, machozi yakimtoka, na moto ukiwaka nyuma yake. Mpaka leo mtu akiniambia "tutakuombea" huku mkono wake umefumbwa, hasira hunipanda.

Mtoto wa Mama Nyota alikuwa akilia, kisha kilio kikawa kidogo. Tulikisikia sote. Koko akatoka kwenda kuchimba viazi nyuma ya nyumba. Mama alikuwa amelala, uso ukutani, mdogo wangu kifuani. Nikachukua kigae, nikasukumia kaa juu yake kwa kijiti, nikapita katikati ya maharagwe nimeinama. Risasi zililia kule juu. Nakumbuka niliogopa zaidi kaa lisizimike.

Mama Nyota alilipokea kwa mikono miwili.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna. Usimuambie Koko."

"Sitasema," akaniambia, na tayari alikuwa anapuliza.

Koko alirudi na viazi, akaona moshi kwa jirani. "Mungu iko muzuri," akasema kwa furaha. "Amepata kiberiti."

Siku ya pili yake mdogo wangu akawa na joto kali. Kituo cha afya kilikuwa ng'ambo ya pale mapigano yalipokuwa, na hakuna aliyethubutu kupita. Tulikaa tunamtazama. Sijawahi kuona mlango mzito kama ule mlango wetu wa mbao. Asubuhi moja Koko aliona kwamba basi tena, akachukua maji kwenye kikombe, akambatiza mwenyewe kwa jina la Yohana. Kabla ya saa sita Yohana alikuwa amekufa, kitovu bado hakijadondoka.

Koko alitutazama mmoja mmoja. "Kuko moto ilitoka hapa," akasema.

Kina mama wa shirika walikuja kwa kupitia migombani, mmoja mmoja. Waliimba kwa kunong'ona, wasisikike kilimani. Mama Nyota naye alikuja, binti yake mgongoni, anakohoa kidogo lakini mzima, anachezea nywele za mama yake. Alinitazama, akafungua mdomo, akaufunga. Nilimshukuru, na nilitamani aseme.

Baadaye tulikimbia, tukafika kwenye kambi ya Lushebere, Baba akatukuta huko, Koko akafia huko. Mimi nilikua na Yohana wangu moyoni. Niliungama kwa padri. Akaniambia utoto ule haukuwa dhambi, niende na amani. Nilienda, amani haikuja. Kila jioni tulipiga magoti kwenye mkeka mmoja, mimi na Mama bega kwa bega, na tulipofika kwenye "utusamehe makosa yetu" sauti yangu ilikatika. Sikugundua kwamba na yake ilikatika.

Mwaka huu, tukiwa tunachambua maharagwe, nilimwambia. Sijui ni nini kilinisukuma. Nilitoa yote, kaa, kigae, moshi, bila kumtazama.

Mama hakuacha kuchambua. "Nilikuona," akasema.

"Ulikuwa umelala."

"Sikuwa nimelala. Nilikuona unabeba moto. Ningekohoa tu, ungeiacha. Lakini nilikuwa nasikia mutoto wa mwenzangu, njo maana nikageukia ukuta. Kisha wangu akakufa. Nikasema, ni mimi nilimutoa."

"Na hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Nilizani wewe ulishasahau."

Tulilia mpaka sufuria ikaungua jikoni. Nilimuuliza kama siku ile ingerudi, angegeukia tena ukuta. Alifikiri sana.

"Hapana," akasema. "Ningeamuka, nikuchagulie kaa kubwa."

Sijui ni nini kilichomwua Yohana. Homa, barabara iliyofungwa, baridi. Na kuna siku bado nadhani ni mimi. Ninachojua ni kwamba watu wawili waliokuwa wakisali pamoja kila siku walibeba mzigo huo kimya, kila mmoja peke yake, kwa zaidi ya miaka ishirini, na jambo hilo linaniuma kuliko hata kifo chenyewe. Jioni ile, tulipofika kwenye "utusamehe", Mama alinishika mkono, na kwa mara ya kwanza tukamtaja Yohana kwa jina lake.