Mlango Wangu na Wazungu wa Maji

Bwana yangu alificha televisheni kwanza, halafu ndipo akakumbuka kwamba ana mke na mtoto. Naliandika hilo mwanzoni kwa sababu yeye mwenyewe, akisimulia habari za vita, huanzia pengine, mahali anapoonekana mwanaume.

Ilikuwa asubuhi. Risasi zilianza upande wa juu wa Bunia, na siye tulikaa mtaa wa Saio, nyumba ya chumba kimoja na sebule. Sebule yenyewe ilikuwa sinema yake ya video: tele moja, mashine ya kaseti, grupu ya umeme inayopiga kelele nyuma ya nyumba, na katoni ya filamu za karate na za majeshi. Alifukia tele na mashine chini ya magunia ya makala, yaani makaa ya kupikia, akanawa mikono, kisha akanikuta, mtoto wa miezi saba mgongoni, ninang'oa mlango.

Ndiyo, mlango. Wakati ule hakuna aliyekimbia akaacha mlango wake. Ukiuacha wanaubeba pamoja na mabati, na ukirudi unakuta nyumba inakuangalia mdomo wazi. Wangu ulikuwa wa libuyu, mbao nyekundu, nzito. Baba yangu ni seremala, aliupiga randa mwenyewe, akauleta siku ya ndoa na kumwambia bwana: "Binti yangu anaweza kukosa vyote, lakini alale nyuma ya kitu." Tuliubeba kichwani, yeye mbele, mimi nyuma, njia yote ya kuelekea Gety. Wiki mbili baadaye tukaurudisha hivyo hivyo, na shingo yangu haijanyooka hadi leo.

Tulirudi tukakuta katoni ya filamu haipo. Waporaji walichukua karate yote na majeshi yote, kana kwamba walikuwa hawajashiba vita. Makala hawakuyagusa. Basi tele ilikuwa salama, mashine salama, na ndani ya mashine kulikuwa na kaseti moja iliyosahauliwa humo.

Kaseti hiyo aliiacha mzungu mmoja alipopanda ndege ya kuondoka. Bwana hakuwahi kuionyesha kwa watu kwa sababu hakuna anayepigwa ndani yake. Ilikuwa filamu ya zamani, ya wakati mama mkwe wangu alikuwa bado msichana. Rangi zake ziligeuka manjano kama picha za harusi zilizotundikwa juani, na muziki ulivutika kwa sababu utepe umelegea. Vijana wazungu wenye nywele ndefu wanaingia baharini na mbao zao. Wanasubiri maji yainuke. Yakiinuka wanasimama juu ya mbao, wanaanguka, wanacheka. Basi. Na sauti ya mwanaume inaeleza mambo kwa Kiingereza, polepole, kama mtu aliyekula vizuri mchana.

Siku ya kwanza sebule ilijaa. Mama mkwe alikaa mbele kabisa na rozari yake.

"Hawa banamukimbia nani?" akauliza.

Kwetu filamu haionyeshwi hivi hivi. Lazima mtu asimame kando ya tele aeleze. Mwelezaji alikuwa bwana yangu, ambaye hajui Kiingereza hata cha kuomba maji. Aliziangalia zile mbao ndefu, kila mtu na yake kwapani. Akaangalia nje dirishani, avenyu yetu yenye nyumba zilizofungwa kwa vitenge na magunia.

"Vita imefika kwabo," akasema. "Kila mutu amebeba mulango wake."

Sebule nzima ikasema aaa. Hakuna aliyebisha, hata mimi niliyesimama pale na sufuria ya sombe, majani ya muhogo, mkononi. Nani atabeba ubao wa urefu ule mpaka ndani ya maji, kama si kuuokoa? Kisha gari lao likatokea, gari la zamani lenye mbao sita juu, na mama mkwe akapiga makofi.

"Hii iko familia kubwa!"

Tangu hapo filamu ikapata hadithi. Mawimbi yakawa waporaji. "Maji iko nyuma yake, inataka mulango! Simama, kijana, simama!" Akianguka: "Bamemupora!" Akiibuka na ubao wake, wanawake wanapiga vigelegele mpaka mtoto wangu anaamka.

Mimi nilikuwa na hasira. Nilichota maji, nilitwanga, nilibeba mtoto anayeota meno, na huku watu wazima thelathini wamekaa wakiangalia kitu kilekile kila siku ya Mungu.

"Baba ya mutoto, maji imeisha."

"Ngoja kidogo. Huyu wa kaptula nyekundu anataka kusimama."

"Anasimamaka kila siku!"

"Lakini ya leo haujaona."

Siku moja niliketi, kupumzisha miguu tu. Kesho yake pia. Sitadanganya: mawimbi hayakunishika. Kilichonishika ni kusubiri kwao. Walikaa juu ya mbao zao, miguu majini, wakitazama mbali, jua la manjano juu yao, na hakuna aliyegeuka nyuma kuhesabu watoto. Nikiangalia hapo nilikuwa ninamkumbuka mama yangu, Jumapili moja kabla ya vita, aliyelala kwenye majani mchana kweupe, mdomo wazi, viatu kando. Kulala nje, bila mlango wowote! Nilitaka kulia, nikasingizia moshi wa grupu.

Mvua zikaanza, mto Nyamukau ukajaa. Mchana mmoja ninatoka sokoni, mtoto mgongoni, na kutoka juu ya avenyu naona nyumba yangu haina mlango. Nilikimbia hata sijui vipi. Ndani, sufuria zipo, tele ipo. Chini kuna bisibisi. Mama mkwe anamenya muhogo.

"Bameenda ku maji," akasema bila kuinua macho.

"Nani?"

"Mwanaume yako na benzake. Na mulango."

Niliwakuta. Wanaume watatu wenye ndevu, suruali zimekunjwa. Bwana yangu amelala kifudifudi juu ya mlango wa baba yangu, anapiga maji kwa mikono kama bata mgonjwa. Wale wawili kando wanamwelezea kama filamu.

"Weye mujinga!" nikapiga kelele. "Leo mutoto alale nyuma ya nini?"

Alisimama ili anione vizuri. Ndiyo mara yake ya kwanza kusimama, na ya mwisho. Alianguka, mlango ukaenda zake. Nikaingia mtoni hivyo hivyo, maji ya magoti, nikaukanyaga kwa miguu miwili usiende. Lakini vita vilikuwa vimenipunguza mwili, mlango haukunisikia. Ukanibeba. Hatua nne, labda tano, nimesimama wima, mtoto mgongoni anacheka kwa sauti, na nyuma yangu wale wajinga watatu wanaita: "Simama, mama, simama!"

Ukagonga mawe. Nilishuka, nikawaambia waubebe, na mtu asinisemeshe.

Nyumbani, fremu iliukataa. Libuyu ilikunywa maji ikanenepa, na maseremala wote wa mtaa walikuwa wamekimbia na randa zao. Bwana akasema tutundike kitenge.

"Kitenge? Baba yangu alikuambia nini? Kuanzia leo, weye njo mulango."

Tuliuegemeza kwa ndani, naye akakaa chini, mgongo juu yake. Alikula pale, alisinzia pale. Wakati mmoja mtu alisukuma kutoka nje, hatukujua nani, naye akasukuma kurudisha, visigino ardhini, mpaka tukasikia viatu vya huko nje vikienda. Hakulisimulia hilo baadaye kama ushujaa. Sijui kwa nini, ndilo pekee lililostahili.

Bila shaka sinema ikafungwa. Siku ya tatu majirani walikuja, wakasimama matopeni.

"Yaya," wakamwita bwana kama kaka yao, "leo hakuna?"

"Tele iko, lakini mimi niko kazini," akajibu kupitia ufa.

Hawakuondoka. Nikasikia wanakaa. Basi akaanza kuwaelezea filamu bila filamu, mgongo kwenye mbao, sauti imekauka. Gari la manjano. Jua. Maji yanalala. "Sasa huyu wa kaptula nyekundu anaona maji inainuka, anapiga magoti..."

"Hapana," nikasema kutoka chumbani. "Kwanza mwenye ndevu anaanguka."

"Mama ya mutoto," akasema polepole, "kumbe weye unaijua?"

"Endelea kueleza. Na mugongo, usitoe."