Kufuli la Twahir

Kufuli lilikuwa la moto. Nilipolishika kwa mkono wa kulia, kiganja kilitoa sauti ndogo kama kitunguu kikiingia kwenye mafuta, na bado nikaendelea kulivuta, kwa sababu upande wa pili wa ule mlango wa chuma baba yangu alikuwa akigonga. Hakuwa akipiga kelele. Alikuwa akigonga tu, kama mtu anayebisha hodi kwake mwenyewe. Bakuli la chakula nililomletea lilikuwa limevunjika miguuni pangu, sima imeingia mchanga, na moshi ulitoka chini ya mlango ukinipanda magotini. Kisha kugonga kukakoma.

Naanzia hapo makusudi, maana nikianza mwanzo mtanisikia nacheka, mkadhani ni hadithi ya kufurahisha.

Juzi nilikuwa napita Mwembe Tayari na kikapu changu cha mboga. Kijana mmoja alikuwa anang'arisha gari la mtu kando ya barabara, akafungua kopo la kompaundi, ile dawa ya kusugulia rangi. Harufu ile, ya chokaa mbichi iliyochanganyika na mafuta ya taa, ilinisimamisha. Nikaweka kikapu chini. Yule kijana akaniuliza, "Mama, wajisikia vibaya?" Nikamwambia hapana, ni jua. Nilichotaka kumwambia ni kwamba harufu hiyo ndiyo ya kanzu ya baba, ya mto wake, ya mikono yake akinipapasa kichwani jioni.

Baba aliitwa fundi Bakari, mtu wa Kwale, aliyevuka feri kuja kutafuta kazi kisiwani na kazi aliyoipata ikawa kuondoa mikwaruzo kwenye magari ya watu. Yeye mwenyewe hakuwahi kumiliki hata baiskeli. Kazi yake ilikuwa kwenye gudauni moja la kale kule Kibokoni, kuta nene za mawe ya matumbawe, dirisha moja juu lenye nondo, mlango mmoja. Gudauni lilikuwa la Twahir Shebwana. Namtaja jina lake lote ili asije akasema nimemsema mwingine.

Siku nisizokwenda chuoni kusoma Kurani wala skuli, baba alinikalisha juu ya debe nimtazame. Alikuwa na makopo matatu. Alichovya kidole katika kila kopo akanipaka kwenye ukucha wa gumba, akanambia nisugue kwa kidole cha pili, nifumbe macho.

"Haya, hii ni nini?"

"Sima," nasema, yaani unga wa mahindi, una chembe.

"Na hii?"

"Ngano."

"Na hii je?"

"Wanja."

Basi anacheka mpaka anakohoa. Ile ya chembe ndiyo ya kukata. Inaondoa mkwaruzo haraka lakini inaacha alama zake yenyewe, duara kwa duara, na ukilitoa gari juani unaona kama buibui ametanda utando rangi nzima. Ndipo inafuata ile ya ngano, inafuta alama za ile ya kwanza. Mwisho ile laini kama wanja, na hiyo huendi nayo kwa mashini ya umeme ya kusugulia, ni kwa mkono na kitambaa cha flaneli kilichofuliwa mpaka kimechoka. Mwenye haraka husimama kwenye ile ya kwanza. Akishapaka mafuta ya nazi juu yake, mwenye gari anaondoka anajiona kwenye boneti, ametabasamu. "Mafuta yajaza mkwaruzo, hayauondoi," baba alikuwa akisema. "Mvua ya kwanza tu, utando huo warudi."

Na kila mkwaruzo aliupitishia ukucha kwanza. Ukucha ukiteleza, wa kwake. Ukucha ukikwama, mkwaruzo umefika chini, hakuna kompaundi wala polishi ya kuutoa, gari lipelekwe kwa fundi wa rangi. Mama alikuwa akimtania, "Wewe Bakari, hata mimi ulinipitishia ukucha kabla hujanioa." Naye anajibu, "Ukateleza, mke wangu, ukateleza." Mama anamtupia mwiko.

Sasa sikilizeni habari ya mlango, maana ndiyo yenyewe.

Baba alipenda mlango urudishwe akiwa kazini. Upepo wa kusi ukivuma, vichochoro vya kule huleta mchanga, na chembe moja tu ikiingia chini ya flaneli, kwenye gari jeusi, umeharibu kazi ya siku nzima. Basi mlango alikuwa akiurudisha, akauegemeza jiwe kwa ndani. Mtu yeyote akisukuma, unafunguka. Mimi mwenyewe na miaka yangu tisa nilikuwa nausukuma kwa kiuno, bakuli mkononi.

Kufuli lilikuja na Twahir. Alikuwa ameleta kompaundi mpya, ya bei rahisi, ya mafuta, si ile ya kuchanganya na maji. Ikawa inakauka kwenye kopo kabla haijafika nusu. Baba hakuipenda. Akamwambia, mbele yangu, "Bwana Twahir, hii yataka kulainishwa na petroli, na mimi mashini yangu yatoa cheche. Turudie ile ya zamani."

Twahir alikuwa amevaa koti juu ya kanzu, jua lile. Akasema, "Wewe Mdigo waogopa petroli? Si mwanya wa kusema hutaki kazi?"

"Sikatai kazi."

"Basi lainisha. Na hii kompaundi yapungua ovyo. Mwaipeleka wapi, mwapaka sufuria zenu?"

Mpwa wake, Hafidh, aliyekuwa akishika funguo zake na kumbebea mwavuli, akacheka kupita kiasi. "Mjomba, labda wapaka mkate." Baba naye akacheka kidogo, cheko la mtu asiyetaka ugomvi, ambalo mpaka leo nikilikumbuka natamani nimfunike uso.

Tangu siku hiyo Twahir akiondoka anatia kufuli kwa nje, baba ndani, mpaka yeye arudi. Baba alilalamika mara moja nikisikia. Twahir akamjibu, "Si wewe mwenyewe utakaye mlango ufungwe, vumbi lisiingie? Nakusaidia."

Nyumbani baba hakumwambia mama. Aliniambia mimi, njiani tukirudi, nisiseme, mama atahangaika. Nikaona ni siri tamu, ya mimi na baba. Chakula nikawa nampitishia chini ya mlango, mkate wa sinia au chapati, kitu bapa, tunacheka kwamba yuko jela na mimi ndiye askari.

Siku ile ilikuwa Alhamisi. Gari jeusi la bwana harusi, lililotakiwa kesho yake. Mama alipika sima na mchicha wa nazi, nami nikabeba bakuli kwa sababu sima haipiti chini ya mlango. Nilidhani Twahir atakuwapo afungue. Hakuwapo. Alikuwa kwake amelala mchana. Ufunguo alikuwa nao Hafidh, na Hafidh alikuwa ametumwa Liwatoni kununua samaki. Nilipokata kona nikausikia mlio wa mashini ukikatika, kisha kitu kama pumzi kubwa, puu, na moshi. Mengine nimeshawaambia.

Watu walikuja na mtaimbo. Walipovunja, kufuli likarukia mtaroni. Baba walimkuta nyuma ya mlango, karibu hivyo. Gari lilikuwa limevimba malengelenge, na upande mmoja tu, nakumbuka, ulikuwa bado unang'aa.

Hafidh alifika na samaki kwenye pakacha, akasimama. Nilimwona akitia mkono mfuko wa shati, akautoa, akautia tena.

Askari walipouliza, Twahir alisema fundi alikuwa akivuta sigara. Baba hakuvuta sigara maisha yake. Kufuli? Hakukuwa na kufuli. "Marehemu mwenyewe alikuwa akipenda mlango ufungwe, muulizeni yeyote." Wakauliza, na kila mtu Kibokoni akasema kweli, fundi Bakari hupenda mlango ufungwe kwa ajili ya vumbi. Walisema ukweli wote, ukamzika. Mtaroni walipotazama hapakuwa na kitu. Waliovunja mlango hawakuulizwa walivunja nini, na mimi nilikuwa mtoto.

Wazee wakamjia mama: ni kadari, mwanamke, subiri. Twahir akatuma gunia la mchele wa hitima. Mama akaupika, na mimi nikala, mkono umefungwa bandeji, nikalishwa na shangazi. Skuli ikaishia hapo, darasa la tatu.

Nilikuwa mtu mzima, nina watoto wangu, ndipo nilipoelewa ule mchele ulikuwa nini. Yalikuwa mafuta ya nazi. Na zile "pole" zote, na kichwa alichoinamisha msikitini, na mlango wa gudauni uliopakwa rangi mpya ya kijani kabla ya arubaini. Watu wakajiona humo wakatabasamu, wakaenda zao.

Mama amekufa bila kusikia neno kutoka kwao. Twahir yu hai, mzee, anaketi barazani kwake kila alasiri na wapita njia wanamwamkia shikamoo. Hafidh ana duka, amefuga ndevu, anatoa sadaka Ijumaa. Nami nimewaendea wote wawili. Twahir akasema hakumbuki. Hafidh akasema, "Dada, mambo ya zamani hayo," akanipa mkono, akaona kiganja changu, akaurudisha wake.

Kovu limekaa hapa katikati, la mraba, na juu yake upinde kama mpini wa kikapu. Kila mtoto wangu alipoanza kusema aliligusa akaniuliza, "Mama, hii nini?" Nimelipitishia ukucha mara zisizohesabika. Unakwama.

Basi Twahir Shebwana, na wewe Hafidh uliyekuwa na ufunguo mfukoni ukichagua samaki: mwasema mlangoni hapakuwa na kufuli. Nitakuja barazani kwenu mchana, mbele ya watu, nifungue kiganja hiki. Mtaniambia nilichomwa na nini.