Alhamdulillahi ya Mume Wangu

Mume wangu hawezi kuulizwa hali akasema ni mbaya. Hata homa imtetemeshe vipi, atakujibu, "Salama, alhamdulillahi." Ndivyo tulivyolelewa huku Msambweni: unamshukuru Mungu kwanza, ugonjwa utausema baadaye ukibanwa. Mimi nikibanwa kidogo tu husema. Yeye hata umkamue.

Alikuwa baharia wa meli za mizigo. Siku moja, meli ikifungwa gatini, kamba nene ilikatika ikamchapa bega na mgongo. Alirudishwa nyumbani mkono wa kulia ukining'inia. Mkataba wake ulisema kwamba asipopona kampuni itamlipa fidia ya ulemavu, na daktari ndiye angeamua kama amepona au la.

Tukavuka feri kwenda Mombasa kwa daktari aliyechaguliwa na kampuni. Mimi niliachwa nje kwenye benchi. Alipotoka nilimwuliza alichoulizwa.

"Ameniuliza naendeleaje."

"Nawe ukamjibuje?"

Akanishangaa. "Nimemwambia naendelea vyema, alhamdulillahi."

Haukupita muda mrefu, taarifa ikaja: mgonjwa anaendelea vyema, hana malalamiko, hana ulemavu. Nililia kwa hasira. Mtu huyu nilikuwa nikimvalisha shati kila asubuhi. Ofisa wa chama cha mabaharia alitwambia tuna haki ya kupimwa na daktari mwingine, ila huyo naye akisema yu mzima, fidia ndiyo imekwenda.

Basi nikaanza kumfundisha. Nikiwa jikoni nakuna nazi, namwuliza ghafla, "Bwana, waendeleaje?"

"Sijambo."

"Kwa daktari hakuna sijambo. Sema waumwa."

"Naumwa kidogo."

"Hiyo kidogo itoe."

Alicheka, nami nikacheka, lakini moyoni nilikuwa na hofu. Meli hazingemchukua tena. Na huko Diani, hoteli gani ingemwajiri mtu wa mkono mmoja na mgongo usiokunjika?

Safari ya pili niliingia naye, sikungoja kuruhusiwa. Daktari alikuwa mwanamke kijana kutoka bara, mwenye adabu zake.

"Shikamoo, mzee. Unajiskia aje siku hizi?"

"Marahaba, mwanangu. Sijambo, alhamdulillahi."

Masomo yote ya jikoni yakaenda na maji. Nilitamani kumfinya. Badala yake nikasema, "Daktari, huyu usimwulize hali. Mwulize anavyoswali."

Daktari alinitazama, kisha akamgeukia. "Mzee, unaswali aje?"

Nilijua kwamba katika swala hataongeza wala hatapunguza.

"Naswali kitini," akasema. "Kusujudu siwezi, mgongo haukubali. Takbira nainulia mkono mmoja. Huu wa kulia haufiki sikioni." Akajaribu kuuinua amwonyeshe. Ulikwama usawa wa kifua, ukatetemeka. "Tangu nirudi sijaweka paji la uso chini."

Machozi yalimtoka. Miaka yote ya ndoa yetu sikuwa nimeyaona. Daktari alimwacha mpaka yakakatika, kisha akampima bega, mkono na mgongo, pole pole, na kila kilichokataa kukunjika akakiandika.

Njiani kurudi, tulipofika Ukunda, alinigeukia.

"Umenifanya nimlalamikie Mola mbele ya mtu," akasema.

Nilimwambia hakulalamika, alijibu alichoulizwa. Sina hakika kama aliniamini, na siku ile iliniuma kuliko taarifa ya daktari wa kwanza.

Miezi ikapita. Mchana mmoja ofisa wa chama alipiga simu: kampuni imekubali kuwa ana ulemavu wa kudumu, fidia italipwa. Mimi nilikaa chini sakafuni kwa furaha. Yeye alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Alhamdulillahi," kwa sauti ileile aliyomjibu nayo daktari yule kijana.

Kisha akaniomba nimsogezee kiti. Alasiri ilikuwa imeingia.