Mguu wa Mama Dagaa

Mke wangu alikuwa na midoli kumi na tisa, ile mirefu ya kike yenye kiuno cha nyigu na nyayo zilizonyanyuka kama zinasubiri viatu vya visigino. Aliichagua mmoja mmoja kwenye marundo ya mitumba hapa Mpanda, mingine ikiwa uchi, mingine haina nywele. Aliiosha, akaipanga kwenye sanduku la bati, akaanza kuishonea.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea barazani mbele ya duka la nguo. Vipande vilivyobaki kwenye vitambaa vya wateja nilimpelekea yeye. Kwa kipande cha upana wa kiganja alitoa gauni lenye mikono na vifungo vya shanga. Kila mdoli ulikuwa na nguo ya kanisani, ya harusini, hata ya shamba. Hatukujaliwa mtoto, lakini mtu akisema midoli ndiyo watoto wake alikasirika. "Wewe unashona ulipwe," aliniambia, "mimi nashona nifurahi."

Majina yalikuwa yangu. Mdoli ukivaa kitenge cha mteja, niliuita jina la mteja huyo. Alikuwepo Mwalimu, na Shangazi wa Sibwesa. Mdoli wenye kitenge cha samaki wa njano ulikuwa Mama Dagaa, mteja wangu aliyefuata dagaa ziwani Kapalamsenga na kuja kuwauza sokoni. Yeye Mnyamwezi, mimi Mfipa, tulitaniana kila tukikutana, na mdomo wangu haukuwa na breki.

Mke wangu alinionya. "Mzee wangu, nguo ya mtu na jina la mtu havikai pamoja kwenye sanduku la mtu mwingine. Acha."

Nilicheka.

Siku moja mguu wa mdoli wa Mama Dagaa ukachomoka. Mke wangu akaufunga kwa uzi uliokuwa karibu, uzi mwekundu, akaja nao barazani kuniomba gundi. Wateja walikuwepo. Nikaunyanyua juu: "Jamani, Mama Dagaa kavunjika mguu! Safari hii dagaa tutafuata wenyewe!" Baraza zima likacheka.

Siku ya nne pikipiki iliyompakia Mama Dagaa iliteleza kwenye tope akitoka ziwani. Akavunjika mguu, chini ya goti.

Walikuja nyumbani Jumapili alasiri. Mbele kaka wa Mama Dagaa na wifi yake, nyuma yao watu wengi, na wengine bado wanaongezeka barabarani. Sote huku tunajua: mwanamke mzee asiye na mtoto akijaziwa watu mlangoni kwa tuhuma za uchawi, anaweza asilione jua la kesho.

"Shikamoo mzee," wifi akasema, macho hayapo kwangu. "Tumekuja kumjulia hali Mama Dagaa wa humu ndani."

Mke wangu alitoka jikoni, mikono imelowa. Alileta sanduku, akalifungua uani. Mdoli wa samaki wa njano ulikuwa juu kabisa, na uzi mwekundu mguuni.

"Nani kaufunga huu uzi?" kaka akauliza.

"Mimi."

"Na hili jina kaupa nani?"

Mke wangu akanitazama, mara moja tu. Jibu lilikuwa maneno mawili, ni mimi. Nikainama, nikaanza kutoa nyuzi zilizonasa kwenye suruali yangu.

"Mie kazi yangu cherehani," nikasema. "Mambo ya sanduku ni ya mama."

Nimeishi miaka sabini na ushee na sijasema neno baya kuliko hilo.

Alichuchumaa akaanza kuivua midoli, mmoja baada ya mwingine, kifungo kwa kifungo. "Kila mwenye kitambaa chake achukue," alisema. Hakuna aliyenyoosha mkono. Kijana mmoja alikuwa ameokota jiwe. Hapo balozi wetu wa nyumba kumi akapasua katikati ya watu: "Nyie! Mfupa umevunjwa na pikipiki au na uzi? Tokeni hapa!"

Walitoka taratibu. Kaka mtu alisema langoni, "Tutaona kama dada atapona."

Kuanzia siku hiyo, mke wangu akifika bombani wanawake waliondoa ndoo zao. Hakunilaumu. Aliniwekea chakula mezani, akaenda kula jikoni. Nilikaa hivyo wiki nzima, nikisikiliza kila hatua ya mtu nje, ndipo nikaenda kwa Mama Dagaa. Alikuwa amelala, mguu kwenye plasta.

"Mtani, jina nililitoa mimi. Yeye alinikataza."

Alijiinua kwa kiwiko. "Na mimi humu nimelala namwogopa mkeo, kumbe ni domo lako." Kisha akasema, "Mimi sikuwepo mlangoni kwako. Kaseme kwa waliokuwepo."

Nilimwomba balozi awaite watu wale wale, uani pale pale. Nilisimama, nikasema yote: majina, onyo nililolicheka, na vile nilivyoinama kutoa nyuzi. Kaka mtu aliniangalia kama kitu kilichooza. "Kwa hiyo mzee ulituachia mkeo tumuue." Wifi ndiye aliyekwenda jikoni, na nikasikia akimwamkia mke wangu.

Bombani wanamsalimu sasa. Midoli bado iko uchi sandukuni. Mwezi uliopita nilinunua robo mita ya kitambaa kipya dukani, ambacho hakijawahi kuwa cha mtu, nikashona gauni moja dogo. Vidole vyangu vinene viliteseka kwenye kwapa. Nikamletea. Alipitisha ukucha kwenye mishono yote.

"Kwapa limekaza," alisema. "Na atakayelivaa utamwita nani?"

"Hana jina."

Alilikunja, akaliweka juu ya kifuniko cha sanduku. Sanduku hakulifungua. Gauni bado liko pale juu, na kila asubuhi nikiamka ndilo ninaloangalia kwanza.