Mjane Waliyemnyima Wembe

Ipo siku moja ninayoikumbuka hata nikitaka kuisahau, mwanangu. Ilikuwa siku ya kunyoa, kule kwa wakwe zangu Ndalu, wakati wa korona. Unajua kwetu mtu akishazikwa, waliofiwa hunyolewa nywele pamoja, na mjane ndiye hutangulia. Anayerukwa ni kama ameambiwa si wa boma hilo.

Shemeji yangu Wekesa alikuwa amefariki kwa ugonjwa wa moyo. Mkewe, Nekesa, aliuza nguo za mitumba alizonunua mpakani. Matanga hayajaisha, watu wakaanza kukohoa, wazee wawili wakalazwa na mmoja wao hakurudi. Ndipo Wafula, kaka mkubwa wa marehemu, akamwinua Nekesa kwenye kiti cha kunyolewa mbele ya watu wote.

"Si ni huyu hushinda huko border?" alisema. "Ametuletea hii korona. Aende kwao Malakisi, bana, kabla tuishe."

 Nekesa alijifunga leso kichwani, akaita pikipiki, akaondoka.

Mimi nilikuwa nafanya kazi ya maabara katika hospitali moja ya Kitale. Sikuwa msichana tena, lakini mbele ya mama mkwe nani si mtoto? Nilisema tungoje vipimo. Nikaambiwa ninyamaze, bibi arusi hafundishi boma. Miaka yote hiyo nimewazalia watoto, bado ni bibi arusi!

Sampuli za waliougua matangani zilitumwa kwenye maabara kubwa inayosoma vinasaba vya virusi. Kazi yenyewe, mwanangu, si uganga. Kirusi kikijizidisha hukosea kidogo, na kosa hilo hurithiwa na vizazi vyake, kama ile pua ya akina Wafula ambayo hata mtoto aliyezaliwa Mombasa anayo. Ukilinganisha makosa hayo unaona ni virusi gani vya ukoo mmoja, na vimepita wapi.

Majibu huchukua muda, na ulimi haungoji. Kabla hayajafika, Nekesa aliugua, akapimwa huko huko Malakisi, sampuli yake ikatumwa pia, na akafa. Wazazi wake walimzika kwao, mke wa watu, kama binti ambaye hakuwahi kuolewa. Kutoka Ndalu hakwenda hata mtu mmoja. Niliona aibu, na bado naiona.

Kisha majibu yakaja. Virusi vilivyokuwa vikitembea mpakani vilikuwa vya tawi lingine kabisa. Vya matangani vilifanana na vile vilivyokuwa vimeenea Kitale hata kabla ya mazishi. Cha Nekesa kilikuwa cha tawi hilo hilo la Kitale, kikiwa kimeongeza badiliko lake. Kila dalili ilionyesha kwamba hakutuletea ugonjwa. Aliupata kwetu, akimlilia mumewe. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nilikwenda Ndalu siku hiyo hiyo, nimejaa hasira, nikiwa kama mtu aliyeshinda kesi. Niliwaeleza wote. Wafula alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanigeukia.

"Kwa hivyo ni Kitale. Si nyinyi ndio mlitoka Kitale, wewe na bwana yako? Nani alikuwa anakohoa kwa gari yenu?"

Nikafungua mdomo nimjibu. Ulimini nilikuwa tayari na jina la jirani yetu mmoja wa Kitale aliyekuja kuzika. Mama mkwe akagonga meza.

"Nyamazeni. Mlimfukuza mke wa mtoto wangu akafa. Sasa mnataka mwingine? Wewe wa maabara, hiyo mashine imekuambia jina la mtu?"

"Hapana, mama. Inasema njia tu."

"Basi usiongeze jina. Nipelekeni Malakisi."

Tulimpeleka. Yeye, mzee wa kuheshimiwa na mashemeji wote, alipiga magoti mbele ya mamake Nekesa, akaomba msamaha na kumweleza majibu. Yule mama alimsikiliza kwa adabu, akampa kiti na maji ya kunywa. Kisha akasema, "Asante kwa kuja. Lakini sisi tulijua mtoto wetu hana makosa hata bila kupimwa. Rudini mkawaambie wale waliokuwa wamekaa pale siku ya kunyoa."

Tukarudi. Tuliwaambia. Wengi walitazama chini, wengine walisema ni mapenzi ya Mungu. Maji yakimwagika hayazoleki.

Nawe sasa unaingia maabara, mwanangu, na mashine zenu zinasoma upesi kuliko zetu. Soma njia ya ugonjwa ili uufungie mlango, ujue kesho ugonjwa huo utagonga wapi. Watakuja kukuuliza ni nani aliyeuleta. Usiwape jina, kwa kuwa hulijui, na hata ukidhani unalijua, anayeambukiza ni mgonjwa kama wengine. Na kabla majibu hayajafika, mnyonge mpe haki yake: mketishe na wenzake.

Mungu akuepushe na maradhi, mwanangu, na akuepushe zaidi na boma ambalo limeshajua mkosaji kabla ya kipimo.